Upana wa Kiganja

Parbattie aliliona lango kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwa saa tatu zilizofuata akatamani asingeliona.

Alikuwa amebeba roti na kari ya boga, chakula cha baba yake, vimefungwa kwenye kitambaa. Kwapani alikuwa na daftari la alama la klabu ya kriketi ya kijiji cha Zeelust, ambalo yeye ndiye anayeliandika kwa msimu wa tatu sasa. Ilikuwa Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, ikaacha alfajiri, kama mtu aliyesimama kuvuta pumzi. Bahari ilikuwa inakupwa. Saa kama hiyo, kwa miaka ishirini na sita, baba yake, Deonarine Budhram, mlinzi wa lango la mfereji, alikuwa akizungusha winchi mpaka ubao mzito wa lango uning'inie juu ya kichwa chake, na maji ya mfereji yakimbilie baharini kwa kishindo ambacho watoto wa Zeelust hukua nacho masikioni.

Leo hapakuwa na kishindo. Ubao ulikuwa umeinuliwa upana wa kiganja tu. Maji yalipenya chini yake kimyakimya, na mnyororo wa winchi ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Baba yake alikuwa ameketi kwenye boriti akitazama mfereji. Suruali yake ilikuwa imeloa hadi mapajani, na tope lililomganda miguuni lilikuwa jeusi, tope la mashamba ya nyuma. Huku pwani tope ni la kijivu. Parbattie akaona hilo pia.

Akamuuliza kama lango limeharibika. Mzee akasema halijaharibika. Akapokea chakula, akamwambia awahi uwanjani, asije akakosa kiti kikavu. Hakumtazama usoni.

Njiani Parbattie alijaribu kulifikiria jambo jingine, lakini fikra zilimrudisha palepale. Jana jioni Ramnauth, mwenye kinu cha mpunga na nahodha wa Zeelust, alikuja nyumbani kwao na chupa ya ramu ndani ya mfuko wa karatasi. Hakupanda ngazi. Alimwita mzee chini, wakazungumza kwa sauti ya chini kando ya hamoki, kitanda cha kuning'inia, na alipoondoka chupa ilibaki. Baba yake hakuwa mnywaji.

Na kila mtu alijua hesabu ya kombe. Zeelust walikuwa mbele ya Belmont, kijiji jirani, kwa pointi moja, na huu ulikuwa mchezo wa mwisho. Usipochezeka, pointi zingegawanywa, na kombe lingekuja Zeelust kwa mara ya kwanza tangu Parbattie akiwa msichana wa shule. Ukichezwa, wachezaji wenyewe wa Zeelust walikuwa hawana uhakika. Belmont walikuwa na nahodha wao, Ovid Sampson.

Kwa hiyo alipofika uwanjani na kukuta nusu ya upande wa mfereji imekuwa bwawa, hakushangaa.

Belmont walikuwa wamefika na trela la trekta lililojaa magunia ya kapi za mpunga na vipande vya magodoro ya sponji. Walikuwa wamepiga magoti katikati ya uwanja, wakifyonza maji kwa sponji na kukamua ndooni, kisha wakimwaga kapi juu ya udongo. Zeelust nao walisaidia, kwa mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Mmoja wao alibeba ndoo tupu huku na huko kwa muda mrefu sana.

"Kaka, hiyo ndoo umeioa?" Ovid alimuuliza. Watu wakacheka, ila hawakucheka sana.

Ovid alikuwa mtu wa mabega mapana na utani mwingi, mwashi kwa kazi. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa Belmont, lakini mama yake, Verlyn, alizaliwa Zeelust, na bado alikuwa na shamba la urithi huku nyuma, kando ya mfereji. Mwaka huu Verlyn aliugua kifua, na Ovid akatangaza kwa kila aliyetaka kusikia kwamba mama yake halimi tena, anapumzika.

Waamuzi wawili, mmoja wa kila upande, walifanya kama ilivyo desturi ya pwani ile. Manahodha walitembea pamoja hadi ukingo wa bwawa, wakachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Katikati ya bwawa ilipita kamba ya mpaka wa uwanja. Maji yakirudi nyuma ya kamba kabla ya saa saba, utachezwa mchezo mfupi, mipira mia na ishirini kila upande. Yasiporudi, basi. Wote walipeana mikono. Hapakuwa na ubishi, kwa sababu bahari ilikuwa inakupwa, na bahari ikikupwa lango hufunguliwa, na lango likifunguliwa uwanja wa Zeelust hukauka kwa muda wa saa mbili. Mtoto wa chekechea angekuambia hivyo.

Saa nne ikapita, kijiti kimesimama ndani ya maji. Saa tano ikapita.

Waandikaji wa pande zote mbili hukaa meza moja, mmoja akitazama kalamu ya mwenzake. Mwandikaji wa Belmont alikuwa Shangazi Ismay, aliyestaafu posta, mwanamke aliyeweza kusoma bahasha bila kuifungua. Alikuwa na thermosi ya chai ya tangawizi na mwavuli wa mistari. Alimtazama Parbattie akichora mistari ya ukurasa mtupu, akaifuta, akaichora tena.

"Binti," akasema, "unaandika mchezo ambao haujaanza?"

"Najaribu kalamu, Shangazi."

"Kalamu nzima hiyo. Mwenye kalamu ndiye sijui ana nini."

Nyuma yao minong'ono ilikuwa imeshaanza. Mtu wa Belmont alisema kwamba huko kwao Belmont maji yamekwisha, mfereji unaonyesha mgongo. Mwingine akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtu wa Zeelust akauliza nani amesema nini. Hakuna aliyetaja lango, lakini kila baada ya muda vichwa viligeuka upande wa bahari, kisha vikageukia meza ya waandikaji, mahali alipoketi binti wa mlinzi wa lango. Ramnauth peke yake hakugeuka. Alikuwa amejilaza kwenye kiti cha turubai, kofia usoni, amelala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi zake.

Usingizi ule ndio uliomkata maini Parbattie. Tangu utotoni alikuwa akimsikia baba yake akisema maneno mamoja kwa kila aliyekuja kumwomba upendeleo, awe mwenye ng'ombe au mwenye kinu: maji hayana timu. Juu ya maneno yale yeye alijenga mengi. Ni kwa ajili ya maneno hayo alikubali kuandika daftari, akisema moyoni kwamba hata kijiji kidogo kinaweza kuwa na mahali pamoja ambapo kilichotokea ndicho kinachoandikwa. Sasa alikuwa na kitu kilichotokea, na hakikuwa mahali popote ila kifuani mwake.

Saa tano na nusu Ovid alikuja mezani. Utani ulikuwa umemwisha.

"Dada Parbattie, nakuuliza wewe kwa sababu wengine watanidanganya. Mjomba Deo amefungua?"

Shangazi Ismay akaweka kikombe chini. Ramnauth akainua kofia kidogo.

Angeweza kusema hajui. Ingekuwa rahisi, na wala wasingemlaumu. Nani humtaka mtu amtaje baba yake? Lakini alikuwa na daftari mbele yake.

"Amefungua upana wa kiganja," akasema. "Na amefunga kufuli. Nimeona mwenyewe asubuhi."

Kelele haikutokea. Ilikuwa mbaya kuliko kelele: watu walimwachia nafasi ya kupita, kama anayetoka kwenye msiba.

Walikwenda wawili, yeye na Ovid, kwa njia ya juu ya tuta. Ovid alitembea haraka. Mara moja tu alisema kwamba mjomba Deo ndiye aliyemfundisha kuogelea kwenye mfereji huu huu, na akaishia hapo.

Mzee aliwaona wakija, akasimama mbele ya winchi.

"Mjomba, fungua," Ovid akasema. "Bado saa moja na nusu. Tunaomba haki yetu tu."

"Siwezi leo. Kesho kupwa nitafungua lote."

"Kesho hakuna mchezo."

"Najua."

"Basi tuambie kwa nini."

Deonarine akautazama mfereji, upande wa mashamba, akarudisha macho kwa Ovid, na Parbattie akaona jambo ambalo hajawahi kuliona kwa baba yake: alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko uliotoboka.

"Nimetoa ahadi," akasema mwishowe. "Siwezi kusema."

Ahadi. Parbattie akaiona chupa ndani ya mfuko wa karatasi. Uso ukamwaka.

"Kwa nani, Baba? Kwa Ramnauth?"

Mzee alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama sawasawa, na Parbattie angelikumbuka jicho lile kwa muda mrefu, kwa kuwa halikuwa na hasira. Kisha akainama, akachukua koleo lake na ubao mmoja uliokuwa umeegemezwa ukutani.

"Msifungue," akasema. "Nawaomba." Akaondoka kwa njia ya tuta kuelekea nyuma. Alianza kwa kutembea. Alipofika mbele kidogo, akakimbia.

"Anakimbia," Ovid akasema, bila kuamini. "Mjomba Deo anatukimbia."

Ufunguo ulikuwa pale ulipokuwa siku zote, kwenye msumari nyuma ya nguzo. Parbattie aliujua tangu akiwa mdogo kiasi cha kuinuliwa kuufikia. Ni yeye aliyefungua kufuli. Ni yeye aliyeshika mkono wa winchi kwanza, na Ovid akaongeza nguvu zake. Jino moja likalia, la pili, la tatu. Ubao ukapanda. Maji yakasita, kisha yakapita kwa kishindo kikubwa hata boriti ikatetemeka chini ya miguu yao. Mfereji ukaanza kushuka machoni pao, ukiacha mstari wa tope linalong'aa. Baada ya muda walisikia kelele za furaha kutoka uwanjani. Maji yalikuwa yameanza kurudi; kijiti kilikuwa kimekauka.

Parbattie hakufurahi, ila alijisikia safi, kama aliyetapika. Alisimama akitazama maji, akijiambia kwamba ukweli huumiza na kwamba ameutenda.

Ndipo maji yakabadilika rangi.

Kwanza alidhani ni kapi za mpunga kutoka uwanjani. Zilikuja chache, kisha nyingi, kisha zikawa blanketi la kahawia linalojikunja na kumezwa chini ya lango. Akapiga magoti, akatumbukiza mkono, akateka. Hazikuwa kapi. Zilikuwa punje nzima nzito, na kila punje ilikuwa imetoa mkia mweupe mdogo. Mbegu. Mpunga ulioloweshwa, ukaoteshwa gunioni, ukamwagwa shambani siku mbili tatu zilizopita, kabla haujashika mizizi.

"Ya nani?" Ovid akauliza.

Shamba la kwanza nyuma ya lango, kando ya mfereji, lilikuwa la Verlyn, lililojulikana kuwa halijalimwa mwaka huu. Parbattie akamtazama. Ovid akageuka, akaanza kukimbia.

Walimkuta Deonarine amesimama ndani ya tuta lililobomoka, maji yakimfika kifuani. Mgongo wake ulikuwa umegandamizwa kwenye mbao mbili alizozisimamisha kuziba pengo, na maji ya shamba yalimpita mabegani kuingia mfereji uliokuwa umeshuka ghafla. Juu yake, kitambaa kichwani, sketi imekunjwa hadi magotini, Verlyn Sampson alikuwa anatupa tope kwa mikono yake miwili, akikohoa kila baada ya mitupo miwili.

"Mama?" Ovid akasema.

"Usinikodolee macho hivyo," Verlyn akasema. "Uliniambia nipumzike. Nimepumzika hadi nimechoka, nikapanda, nikamwapisha Deo asikuambie mpaka nikuonyeshe mpunga ukiwa kijani. Ingia majini."

Ovid akaruka. Parbattie hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia kurudi langoni, akagonga kishikizo cha winchi kwa jiwe, na ubao ukashuka kwa uzito wake wote mpaka kishindo kikafa. Kimya kilichofuata kilikuwa kile kile cha asubuhi. Akalia kidogo, kisha akakimbia uwanjani.

Hakujua atasema nini. Akasema yalivyo: kwamba mama Verlyn alipanda kwa siri kwa kuwa mwanawe alimkataza, na alitaka amwonyeshe mpunga ukiwa umeshakuwa kijani, kwamba mvua ya jana imebomoa tuta lake, kwamba lango likifunguliwa lote mbegu zinakwenda baharini, na yeye Parbattie ndiye aliyelifungua. Watu walimtazama. Kisha Shangazi Ismay akafunga mwavuli wake, akauelekeza kwenye trela.

"Hayo magunia mnayahifadhia harusi?"

Walikwenda wachezaji wote, Belmont na Zeelust. Magunia ya kapi yakashindiliwa kwenye pengo, sponji za magodoro zikajazwa katikati, tope likafuata. Aliyekuwa akitembeza ndoo tupu asubuhi alikuwa wa kwanza kuingia majini. Kazi ilipokwisha, saa saba ilikuwa imepita, maji ya uwanjani hayajarudi nyuma ya kamba, na bahari ilikuwa inajaa. Lango halingefunguka tena mpaka kupwa kwa usiku. Theluthi ya mbegu ilikuwa imekwenda. Verlyn alipita kando ya maji akihesabu kwa macho, akasema ameona misimu mibaya kuliko huu, akamwomba mtu yeyote sigara, na Ovid akamnyang'anya.

Waamuzi wakatangaza mchezo umeshindikana. Kombe likawa la Zeelust.

Lilitolewa chini ya paa la bati, mvua ikianza tena. Ramnauth alilipokea, akalibusu, na alipokuwa akipita karibu na Deonarine, aliyesimama pembeni na tope lake, akampiga begani na kumkonyeza. Watu wengi waliona. Wapo waliokuwa kwenye tuta na walijua. Lakini wapo wazee, wake za wachezaji, mashabiki wa Belmont waliobaki uwanjani wakilinda trekta, na Parbattie aliona konyezo lile likipita kutoka mtu hadi mtu kama kikombe cha kushirikiana. Mtu mmoja akasema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba mashamba ya wajane ni kisingizio kizuri.

Parbattie akarudi mezani, akafungua ukurasa uliokuwa na mistari mitupu. Pale panapoandikwa sababu ya mchezo kutochezwa, watu huandika neno moja, mvua. Yeye aliandika mistari saba. Aliandika saa ambayo lango lilikuwa limeinuliwa kiganja, na kwa nini. Aliandika nani alivunja agizo la mlinzi akalifungua lote, akaanza na jina lake mwenyewe. Aliandika kwamba mlinzi alitunza shamba la mama wa nahodha wa Belmont, na kwamba nahodha wa Zeelust alilala. Mstari huo wa mwisho Shangazi Ismay aliusoma mara mbili.

"Huu si wa lazima," akasema.

"Lakini alilala."

"Alilala kweli. Nilisikia akikoroma." Ismay akachukua kalamu, akatia sahihi chini yake. Ovid, aliyekuja kuaga, akaomba kalamu naye, ingawa manahodha hawatii sahihi ukurasa ule. Daftari husomwa na kamati ya ligi, na nakala yake hubandikwa kwenye duka la Zeelust na la Belmont kwa wiki nzima. Hilo Ramnauth alilijua pia. Alilitazama daftari toka mbali, asilikaribie.

Nyumbani Deonarine alikuwa chini ya nyumba, anaosha koleo kwenye ndoo. Chupa ilikuwa palepale kando ya hamoki, ndani ya mfuko wake wa karatasi, kizibo hakijaguswa. Parbattie akaiinua.

"Alikuja kukuomba usifungue."

"Alikuja. Nikamwambia maji hayana timu. Akacheka, akaiacha. Kesho mrudishie."

"Lakini leo anaamini ulimfanyia yeye."

"Mwache aamini. Mtu huamini anacholipia."

Parbattie akakaa kwenye ngazi. Mvua ilikuwa nzito sasa, ikipiga bati, na alijua kwamba baba yake angeamka usiku kwenda langoni, na kwamba safari hii angefungua lote, kwa kuwa tuta lilikuwa limeshika. Lilikuwapo swali moja limebaki. Alijua si la haki, na alijua halitamwacha alale.

"Baba, kama lile tuta lisingebomoka. Kama pasingekuwa na mbegu za mtu. Ungefungua?"

Deonarine akamimina maji machafu ya ndoo taratibu kando ya nguzo. Akaliegemeza koleo ukutani, makali juu, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake.

"Hilo," akasema, "ungeniuliza asubuhi, uliponiletea roti."

Akapanda ngazi kumpita. Alipofika juu akasimama, na Parbattie akasubiri, lakini alikuwa anavua tu viatu vyake. Kisha akatupa kitu chini, kikaangukia mapajani mwa binti yake. Ulikuwa ufunguo wa kufuli, bado una tope jeusi.

"Kupwa ni saa sita za usiku," akasema. "Uzungushe polepole."